Barua ya wazi: Historia ya treni zetu za abiria iandikwe kabla karatasi hazijaisha

Kwa:
Wakurugenzi wa mashirika ya reli ya Kenya, Tanzania na Uganda;
Wakuu wa idara za nyaraka za taifa;
Wachapishaji wa vitabu vya Kiswahili.

YAH: KUHIFADHIWA KWA KUMBUKUMBU NA KUCHAPISHWA KWA VITABU VYA HISTORIA YA TRENI ZA ABIRIA ZA AFRIKA MASHARIKI

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima nawaandikia hadharani, kwa kuwa barua za faragha hazikufika popote. Niliiomba ofisi moja ya reli ruhusa ya kusoma ratiba za zamani na madaftari ya stesheni. Nikaambiwa nilete kibali. Kibali nikakileta, nikaambiwa mwenye funguo amehamishwa kituo. Mwishowe nikaelezwa kwamba karatasi zenyewe zilishaondolewa, ila hapakuwa na mtu wa kuniambia zilipelekwa wapi. Mchapishaji niliyemwendea naye alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema kitabu cha treni hakina soko. Sitaji majina, kwa sababu sitafuti mtu wa kuaibishwa. Walionijibu walikuwa wakifuata utaratibu waliourithi, na utaratibu huo mnao uwezo wa kuubadilisha ninyi mnaoandikiwa barua hii.

Hoja yangu ni moja. Kwa zaidi ya miaka 120 treni za abiria zimebeba watu wa kanda hii kwenda kazini, sokoni, shuleni, hospitalini, kizuizini na makaburini. Historia ya reli imeandikwa tena na tena, lakini historia ya waliopanda karibu haipo, na kwa Kiswahili ndiyo adimu kabisa. Kumbukumbu ambazo zingetuwezesha kuiandika ziko mikononi mwenu, nazo zinaharibika.

Naomba nieleze malalamiko yangu moja baada ya jingine.

1. Vitabu vilivyopo vinamhusu aliyejenga, si aliyepanda.

Mtu akitaka kusoma habari za reli ya Uganda hakosi cha kusoma. Atajua kwamba ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, reli ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwishoni mwa 1901. Atajua kwamba vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India na kwamba karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Habari za simba wa Tsavo waliowala vibarua wa reli atazisoma hadi achoke, maana John Patterson aliyewaua alichapisha kitabu chake mwaka 1907, na tangu hapo kila mwandishi wa reli hii anarudi kwa simba hao hao. Akitaka habari za utawala wa reli, zipo juzuu mbili za Mervyn Hill, ya kwanza ya mwaka 1949 na ya pili ya 1957 kuhusu reli za Tanganyika. Zote mbili zilichapishwa na shirika la reli lenyewe.

Wapenzi wa vichwa vya treni nao wamehudumiwa vizuri. Vile vichwa 34 vya mvuke vya aina ya Garratt, daraja la 59, vilivyoundwa na kiwanda cha Beyer Peacock huko Manchester na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, vimeorodheshwa kimoja kimoja kwa namba na jina. Sina kinyongo na kazi hiyo, ni nzuri na ilifanywa kwa mapenzi. Ila nauliza: tunawezaje kujua jina la kila kichwa kilichovuta treni, tusijue lolote la maana kuhusu watu waliokaa ndani ya mabehewa?

Upande wa Tanganyika mambo ni hayo hayo. Tunajua kwamba reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893 na ikafika Moshi mwaka 1911. Tunajua kwamba reli ya kati ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914, miezi michache tu kabla ya vita. Tawi la Mwanza likakamilika 1928. Hizo ni tarehe za mafundi. Treni ya kwanza ya abiria ilipoanza kusimama Kilosa, Manyoni au Shinyanga, nani alipanda? Alikuwa akienda wapi? Biashara gani ilizaliwa pale kwenye jukwaa, na misafara ya watembea kwa miguu ya kuelekea pwani ilififia lini hasa? Vitabu vinaruka kutoka siku ya uzinduzi hadi ripoti ya faida na hasara.

2. Abiria wa daraja la tatu amefutwa.

Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, maana ndipo penye uzito.

Chini ya ukoloni madaraja ya treni yalifuata rangi: Wazungu la kwanza, Waasia la pili, Waafrika la tatu kwenye mabenchi ya mbao. Kila mtu mzima wa kanda hii anajua hivyo kwa kusikia. Lakini mpangilio huo ulifanyaje kazi siku hadi siku? Sehemu gani ulikuwa amri na sehemu gani ulikuwa mazoea tu? Mwafrika wa kwanza mwenye fedha ya tiketi ya daraja la pili alipofika dirishani, karani alimjibu nini? Ubaguzi huo ulilegea mwaka gani, na kwa shinikizo la nani? Haya si maswali ya udaku. Behewa la treni lilikuwa mahali ambapo watu wa makabila na nchi mbalimbali walifungiwa pamoja usiku kucha, wakagawana nafasi, wakajifunza Kiswahili, wakabadilishana habari. Historia ya siasa zetu isiyo na behewa hilo ina pengo.

Chukueni mfano wa manamba, vibarua wa mkataba wa mashambani. Ofisi ya wenye mashamba ya mkonge ya kuajiri vibarua, iliyojulikana kama SILABU, ilianzishwa mwaka 1944 na kuchukua watu wengi kutoka magharibi, hasa Kigoma. Reli ya kati iliwabeba kuelekea mashariki. Wakati huo hapakuwa na reli ya kuunganisha mstari wa kati na ule wa Tanga. Kiungo cha Ruvu hadi Mnyusi kilikamilika mwaka 1963 tu. Kwa hiyo safari ya kibarua wa kwenda mashamba ya Tanga haikuishia kwenye treni, ilikuwa na vipande, kambi za kulala na kungoja. Kwa habari za mkonge tuna vitabu, kwa habari za reli tuna vitabu. Safari yenyewe, ile iliyowachanganya Waha na watu wa pwani na kubadilisha sura ya miji yote ya njiani, imeanguka katikati ya rafu mbili.

Au chukueni Kenya mwaka 1954. Baada ya Operesheni Anvil, msako wa Waingereza dhidi ya Mau Mau ulioanza Nairobi tarehe 24 Aprili mwaka huo, maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walisombwa na kupelekwa kwenye kambi za Mackinnon Road na Manyani. Kambi zote mbili ziko kando ya reli ya Mombasa, na watu walisafirishwa kwa treni. Treni zile zilikuwa na namba, zilikuwa na ratiba, zilikuwa na madereva na magadi (wasimamizi wa treni), zilipishana na treni za kawaida stesheni kwa stesheni. Mahali fulani kuna karatasi inayosema zilitoka saa ngapi na zilikuwa na mabehewa mangapi. Mtafiti wa vita vya uhuru anaihitaji karatasi hiyo, na mjukuu wa aliyesombwa anaihitaji zaidi.

Hata wafanyakazi wameguswa juu juu. Mwanaanthropolojia Ralph Grillo aliandika mwaka 1973 kuhusu wafanyakazi wa reli wa Kampala, kazi ya maana sana. Chama cha wafanyakazi wa reli wa Tanganyika chini ya Christopher Kasanga Tumbo, na mgomo wake mrefu wa mwaka 1960, vinatajwa katika historia za vyama vya wafanyakazi. Lakini stesheni masta wa Malongwe, gadi wa treni ya Kisumu, karani wa tiketi wa Tororo na genge la matengenezo ya njia kule Gulwe, ambako mafuriko yamekata reli mara kwa mara, hawana kitabu. Hao ndio watu ambao abiria aliwajua. Mkurugenzi wa Nairobi abiria hakumjua.

Na msiba pia una historia. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyokuwa kwenye mlima karibu na Msagali, mkoani Dodoma, ilirudi nyuma bila breki na kugonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Ni moja ya ajali kubwa za treni barani Afrika. Familia zao zinastahili zaidi ya aya moja ya habari inayonakiliwa kila mwaka inapofika kumbukumbu.

3. Karatasi zinaoza, nazo ndizo chanzo chenyewe.

Katika stesheni moja ndogo, ambayo sitaitaja ili mtunzaji wake asije akaonewa, nilioneshwa daftari la mauzo ya tiketi. Lilikuwa limewekwa chini ya dirisha lisilo na kioo. Nusu ya kurasa zilikuwa zimegandana kwa maji na wino wa bluu ulikuwa umesambaa kama moshi. Zilizosalia zilisomeka vizuri. Kila mstari ulikuwa na jina la stesheni ya mwisho wa safari, daraja, namba ya tiketi ya kwanza ya siku, namba ya tiketi ya mwisho, kisha tofauti ya namba hizo mbili: idadi ya tiketi zilizouzwa. Mwandiko wa karani ulikuwa umenyooka, na pale alipokosea alipiga mstari mmoja na kutia saini.

Mkilitazama daftari hilo kwa macho ya mwanahistoria mtaona ajabu yake. Zile tiketi ndogo za kadi ngumu, za mtindo alioubuni Thomas Edmondson huko Uingereza katika karne ya 19, zilichapwa zikiwa na namba za mfululizo kwa kila stesheni ya mwisho na kila daraja. Kwa hiyo daftari moja la stesheni moja linaweza kutuambia siku gani watu wengi walikwenda mjini, mwezi gani wa njaa walihama, mwaka gani walianza kununua daraja la pili, na lini mabasi yalipowavuta hadi tiketi za kwenda kituo jirani zikakoma kuuzwa. Hakuna ripoti ya makao makuu inayoweza kusema hivyo. Ripoti za mwaka zilihesabu abiria wa nchi nzima kwa jumla, daftari linahesabu watu wa kijiji.

Kama mnadhani natia chumvi, tazameni kilichofanywa kwenye TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu reli hiyo ya kilomita 1,860, alizisoma risiti za vifurushi zilizotoka stesheni za njiani. Kwa karatasi hizo, ambazo ofisi nyingi zingezichoma bila kusita, aliweza kuonesha jinsi wakulima na wafanyabiashara wadogo walivyoitumia treni ya kawaida ya abiria kusafirisha mazao na kupanga maisha yao upya kandokando ya reli. Reli ile ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa sababu kubwa za siasa na shaba ya Zambia. Risiti ndizo zilizotuambia ilivyogeuka kuwa ya wanakijiji pia. Kazi kama hiyo inawezekana kwa mstari wa Mwanza, wa Kasese, wa Nanyuki, wa Arusha. Lakini kwanza karatasi ziwepo.

4. Mwaka 1977 uliwatenga abiria, ukatutenga na kumbukumbu pia.

Kuanzia 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya shirika moja lenye makao makuu Nairobi. Kiungo cha Ruvu na Mnyusi kilipokamilika mwaka 1963, palikuwa na reli mfululizo ya upana wa mita moja kutoka Dar es Salaam kupitia Moshi na Voi hadi Mombasa, Nairobi na Kampala. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983, na njia ya Voi na Taveta ikapoteza maana yake ya zamani. Mali iligawanywa kwa usuluhishi wa Victor Umbricht, mwanadiplomasia wa Uswisi, na mkataba ukatiwa saini Arusha mwaka 1984.

Vichwa vya treni, mabehewa na madeni vilihesabiwa. Leo mtafiti wa treni ya Moshi anaweza kuhitaji jalada lililofunguliwa Nairobi, na mtafiti wa Kampala vilevile, na kila ofisi ina haki ya kumwambia aende kwa jirani. Mataifa yetu yamerudi mezani, tuna Jumuiya tena, tuna mikutano ya mawaziri wa uchukuzi. Orodha moja ya pamoja ya nyaraka za reli ya zamani haihitaji mkataba mpya wa kimataifa. Inahitaji makatibu watatu wenye maagizo.

5. Wenye kumbukumbu wanaondoka.

Aliyeajiriwa reli akiwa na miaka 20 mwaka ule wa 1977 leo anakaribia 70. Aliyekuwa karani siku ya uhuru amevuka 80, kama yu hai. Hapa sina la kuongeza.

6. Treni zinakufa na kuzaliwa bila kuandikwa.

Uganda ilisimamisha treni za abiria za masafa marefu mwishoni mwa miaka ya 1990. Treni ya usiku ya Nairobi na Mombasa kwenye reli ya zamani ilifanya safari zake za mwisho Aprili 2017, na Mei 31 mwaka huo huo reli mpya ikazinduliwa. Huko Tanzania, treni ya abiria ilirudi Moshi mwishoni mwa 2019 baada ya miaka mingi ya ukimya, na Arusha mwaka uliofuata. Mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Haya ni mabadiliko makubwa ya namna watu wanavyosafiri, yametokea mbele ya macho yetu, na kumbukumbu yake kubwa ni picha za uzinduzi. Ratiba ya mwisho ya treni ya zamani, notisi ya kusimamisha huduma, barua za wanakijiji walioomba stesheni yao isifungwe: je, viliwekwa mahali?

Najua majibu mtakayopewa na wasaidizi wenu. Naomba niyajibu mapema.

Watasema vitabu vipo. Nimekwisha kuvitaja, na ningependa mtazame jambo moja: juzuu za Hill zilitolewa na shirika la reli lenyewe, tena la kikoloni. Wale waliona ni wajibu wao kuacha historia rasmi ya walichofanya. Ikiwa wao walilipia historia ya watawala, mashirika ya nchi huru hayana sababu ya kushindwa kulipia historia ya wananchi.

Watasema nyaraka ni siri. Ratiba ya mwaka 1958 inamhatarisha nani? Sheria za nyaraka za Kenya na Tanzania zinatambua kwamba kumbukumbu za umma zilizofikisha miaka 30 zifunguliwe kwa wananchi, isipokuwa zile zilizozuiwa kwa sababu maalumu. Uganda ina sheria ya haki ya kupata habari tangu 2005, na Kenya na Tanzania tangu 2016. Anayekataa daftari la tiketi la miaka 60 iliyopita ndiye anayepaswa kueleza sababu, si anayeomba kulisoma.

Watasema hakuna fedha. Kuna kazi zinazohitaji fedha nyingi na kuna zinazohitaji amri tu. Kukataza kuchoma madaftari ni amri. Kuyaondoa chini ya dirisha lililovunjika na kuyapeleka chumba kikavu chenye rafu ni siku moja ya kazi, na treni ya kuyabeba mnayo wenyewe. Kupiga picha kurasa za ratiba na ripoti za mwaka kunahitaji kamera, meza, taa na vijana wawili wa chuo waliofundishwa kuzishika karatasi kuukuu. Sijaomba jengo.

Watasema huu ni wakati wa kutazama mbele, tuna reli za kisasa. Ni kweli, nami nazifurahia. Lakini swali la treni isimame wapi na nani aachwe njiani halikuanza na reli ya kisasa. Kwenye reli mpya ya Kenya ilibidi pawe na treni ya pili ya kusimama Mariakani, Voi, Mtito Andei, Kibwezi na Emali, kwa kuwa watu wa hapo nao husafiri. Anayepanga ratiba ya leo bila kujua miaka 100 ya mwendo wa abiria wa njia hiyo anajinyima ushahidi uliokusanywa kwa kodi ya babu zake.

Na wachapishaji, ninyi mtasema soko halipo. Soko mmelipimaje, hali kitabu chenyewe hamjawahi kukitoa? Treni ya reli ya kati inachukua zaidi ya siku nzima kufika Kigoma au Mwanza, na ndani yake mna mamia ya watu wasio na la kufanya ila kuzungumza na kusoma. Stesheni zina vyumba vya kungojea. Wastaafu wa reli na watoto wao wako kila mji wenye yadi ya treni. Wanafunzi wa historia wanahitaji mifano ya kwao. Sisemi chapeni nakala 10,000 za kitabu cha bei mbaya chenye picha za rangi. Anzeni na vitabu vyembamba, kimoja kwa mstari mmoja: Tanga hadi Arusha, Nairobi hadi Kisumu, Tabora hadi Mwanza, Kampala hadi Kasese, na ule mstari wa kusini wa Mtwara na Nachingwea uliozaliwa na mpango wa Waingereza wa kulima karanga na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambao kijana wa leo wa Lindi hajui hata ulipopita.

Neno moja kwa waandishi na wapiga chapa, nalo nalisema kwa moyo mzuri: msituletee tafsiri ya vitabu vya simba. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyo wazi tangu 1971, yanalo behewa ambamo ofisa wa polisi Charles Ryall aliuawa na simba stesheni ya Kima mwaka 1900, na kila mgeni huoneshwa. Behewa hilo na libaki. Ila benchi la daraja la tatu nalo lipate mtu wa kulieleza kwa makini yale yale: lilikaliwa na watu wangapi, choo kilikuwa wapi, taa ilizimwa saa ngapi, mama mwenye mtoto alilala vipi, mizigo ilipimwaje, na tiketi ikipotea ilikuwaje.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, naomba yafuatayo:

(a) Kila shirika la reli litoe waraka wa kusimamisha mara moja uchomaji, uuzaji na utupaji wa madaftari, ratiba, mipango ya treni, risiti za vifurushi, ramani za stesheni na picha, hadi idara ya nyaraka ya taifa itakapozikagua. Hili ndilo la haraka kuliko yote.

(b) Ndani ya mwaka mmoja itangazwe orodha ya kumbukumbu zilizopo, stesheni kwa stesheni, hata kama ni ya kurasa chache na ina mapengo. Nchi tatu zibadilishane orodha hizo.

(c) Uwekwe utaratibu ulioandikwa wa mtafiti kuomba kusoma: nani wa kumwona, hati gani zinatakiwa, jibu litolewe baada ya siku ngapi. Mwananchi asiye na chuo nyuma yake ahudumiwe sawa na profesa kutoka ng'ambo.

(d) Wastaafu wahojiwe na sauti zao zihifadhiwe, kwanza wale wa stesheni ndogo na magenge ya njia, na wake zao waliokaa kwenye nyumba za reli. Abiria wa zamani nao wahojiwe, hasa waliosafiri daraja la tatu.

(e) Mashirika ya reli na wachapishaji waingie makubaliano ya kutoa mfululizo wa vitabu vya Kiswahili vya mistari ya abiria, viuzwe madirishani pa tiketi na ndani ya treni kwa bei ambayo abiria wa daraja la tatu anaweza kuilipa.

Naomba jibu la maandishi ndani ya miezi mitatu. Likija nitalichapisha kama lilivyo, pamoja na lile nitakaloona limepungua. Kwa upande wangu, nakala za ratiba na tiketi nilizokusanya kwa miaka niko tayari kuzikabidhi kwa idara yoyote ya nyaraka itakayonipa hati ya mapokezi na ahadi ya kwamba mtu yeyote ataruhusiwa kuzisoma. Na kwa kazi ya kupanga madaftari, nitakuja kwa nauli yangu siku yoyote mtakayoniita.

Wenu katika kazi,

Msomaji na mkusanyaji wa kumbukumbu za treni za abiria

Nakala:
Wizara zinazohusika na uchukuzi na utamaduni, Kenya, Tanzania na Uganda;
Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha;
Idara za historia za vyuo vikuu vya umma;
Vyama vya wastaafu wa reli.